Ombi la Kuitia Joto Nyumba Yangu

Kwa Mheshimiwa Msanifu Majengo
(ambaye pia ni binti yangu wa kwanza),

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYUMBA ULIYOTUJENGEA, PAMOJA NA OMBI LA KUITIA JOTO

Kichwa cha habari hapo juu kimeshasema nusu ya maneno yangu. Nusu iliyobaki ni hii.

Nakuandikia kwa sababu wewe mwenyewe ulitaka. Juzi nilipokupigia simu nikaanza kueleza yaliyonisibu, ulinijibu kwa ile sauti unayotumia kwa wateja, kwamba mwenye nyumba akiwa na tatizo katika mwaka wa kwanza anapaswa kulileta kwa maandishi. Nikakata simu nikamwambia mama yako anitafutie kalamu. Mtoto niliyemshika mkono kumfundisha kuandika herufi ya kwanza sasa ananiambia nilete maandishi! Haya, nimeyaleta. Nimeyapanga kwa namba, maana nawajua watu wa ofisini: barua isiyo na namba mnaifanya kisahani cha kikombe.

Endapo barua hii itasomwa na mtu mwingine hapo kwako, na ajue kwamba mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mstaafu. Katika mji huu hakuna benki, hoteli wala hospitali ambayo sikupanda ngazi yake ya nyuma nikiwa na bisibisi mdomoni. Watu walinipa jina la Fundi Baridi, na jina hilo limeniganda hadi leo. Kwa kazi hiyo nilikulisha, nikakuvisha, nikakusomesha mpaka ukawa Mheshimiwa. Hilo uliweke akilini, tutalirudia.

Sasa malalamiko.

1. Nyumba imewapa majirani kisogo.

Nyumba zote za mtaa huu zinatazama barabara, kama watu wenye adabu. Ile yetu ya zamani nayo iliitazama. Hii mpya imeigeuzia ubavu, tena ubavu wenyewe hauna hata dirisha. Ulinieleza sababu, nami nilikusikiliza: jua la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma, kwa hiyo kuta fupi zielekezwe huko zikapigwe hizo, na kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Nimeelewa kabisa. Shida ni kwamba barabara iko magharibi, na barabara haikushirikishwa katika mazungumzo hayo.

Matokeo yake, wageni wanabisha hodi ukutani. Msoma mita wa umeme aliizunguka nyumba mara mbili, akaondoka. Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye tumetaniana naye tangu wewe hujaota meno, alinuna wiki nzima hadi nilipokwenda kumwomba radhi. Nilimwambia si mimi niliyemgeuzia kisogo, ni nyumba. Akaniuliza nyumba ina ugomvi gani naye. Nikasema ni kwa ajili ya jua. Tangu hapo ananinyoa polepole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

2. Mlango wa chumba chetu cha kulala.

Ulisema mbao nzima zisitupwe, mti mmoja ukishakatwa, mwingine usikatwe bila sababu. Sina ubishi na hilo, mbao zenyewe ni ngumu na hazijapinda. Lakini mlango huo ulitoka katika zahanati iliyobomolewa, na ulikataa katakata maandishi yake yapakwe rangi, eti ni kumbukumbu. Kwa hiyo mimi, mwenye nyumba, baba wa watoto wanne, nikitaka kuingia chumbani kwangu nasimama mbele ya mlango ulioandikwa SUBIRI HADI UITWE. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi mama yako ameanza kuutumia.

3. Maji ya kuogea.

Maji ya mvua yanayotoka kwenye paa kwenda kwenye tangi sina neno nayo, tena yanalainisha nguo. Ninayolalamikia ni yale ya bafuni. Umeyaelekeza yapite kwenye lile shimo la kokoto na mchanga, kisha yaende bustanini kwa mama yako. Nia yako njema. Lakini zamani mtu alioga akiwa mchafu. Sasa mimi naoga mboga zikiwa na kiu. Nimekaa zangu kwenye kibaraza, safi, mkavu, nasikiliza redio, mara nasikia: "Baba nanihii, hebu nenda kaoge, bilinganya zimenyong'onyea!" Naingia najimwagia. Jua likiwa kali naitwa tena. Majirani wanasikia. Sabuni niliyoipenda imepigwa marufuku kwa sababu nyanya hazikuipenda. Mheshimiwa, mimi sikuzaliwa kuoga kwa faida ya bilinganya.

4. Taa.

Mchana hatuwashi taa hata moja. Yale madirisha uliyoyaweka juu yanaingiza mwanga na kuliacha jua nje, sijui mlielewanaje. Shemeji yangu alipokuja akaona swichi zimeota vumbi, alidhani tumekatiwa umeme, akarudi na mishumaa kwa huruma. Mama yako akaipokea akashukuru. Mimi nilitazama chini.

5. Nyumba haizimiki.

Hili ni zito, nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Kuta umezijenga kwa udongo ulioshindiliwa, nene kama godoro. Bati umelipaka rangi nyeupe. Paa limetokeza nje ya kuta kama kofia pana, kivuli kinazunguka nyumba mchana kutwa. Madirisha yanatazamana, upepo ukiingia huku unatokea kule, na joto likipanda linakuta tundu limefunguliwa kileleni, linajiondokea bila kuaga. Kwa hiyo ndani kuna ubaridi mtamu, na habari zimeenea.

Baba yako mdogo alipita kutusalimu, akasema hakai. Akaegemea ukuta wa sebuleni, akafumba macho kidogo. Yupo hadi leo. Kikundi cha ushonaji cha mama yako kimehamia kwetu na vyerehani vyake vyote. Mzazi mwenye mtoto asiyelala humleta humu, na mtoto hulala. Jirani wa nyuma, ambaye nyumba yake ina vioo kuanzia sakafuni mpaka darini, huja na gazeti lake asubuhi, halafu ananiuliza mimi, mwenye nyumba, kama nina kiti cha ziada.

Zamani nilikuwa na dawa ya wageni. Katika nyumba ya zamani kilikuwepo kiyoyozi changu, na rimoti ilikaa mfukoni mwangu. Mgeni akizidisha maongezi, nabonyeza, mashine inanyamaza. Baada ya muda mfupi jasho jembamba linamtoka, anakumbuka kwamba ana kwake. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeudhika. Sasa nibonyeze nini? Nyumba hii ubaridi wake hauna swichi. Umemwondolea mzee wa familia chombo chake pekee cha utawala.

6. Lile neno ulilolisema siku ya tuzo.

Nilijiapiza kwamba hili sitaligusa. Kalamu imekwenda yenyewe.

Ulipopewa tuzo kwa ajili ya nyumba hii ulituita, tukakaa mstari wa mbele, mimi na koti ulilonishoneshea. Ukasimama kwenye kipaza sauti, umependeza, sauti haitetemeki. Ukasema: "Kila unapokiona kiyoyozi ukutani, jua kwamba hapo msanifu alishindwa kazi yake." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana mama yako alikuwa ananitazama.

Iliniuma, mwanangu. Nasema wazi kwa sababu kwenye simu ningeficha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza: kama kila kiyoyozi ni kosa la msanifu, je, mimi maisha yangu yote nilikuwa nani? Fagio la makosa ya watu? Wagonjwa waliopasuliwa katika vyumba nilivyovipoza mimi hawakuuliza nani alishindwa kazi. Na kiyoyozi cha sebuleni kwetu, kile nilichokiunga mwenyewe kutokana na mashine tatu zilizokufa, kile mama yako anachokiita "mke mwenzangu" kwa jinsi nilivyokitunza, ndicho kilichokupoza ukisomea mitihani. Ulipokuja na michoro ya nyumba hii nilikuomba kitu kimoja tu: tundu ukutani la kukiweka. Hukukasirika, hukubishana. Ulisema, "Baba, hutakihitaji." Ningeona afadhali ungebishana.

Likizo ulikuwa unanifuata kazini, umebeba mkoba wangu wa vifaa, bega limekwenda upande. Kila nyumba tuliyoingia uliniuliza swali lilelile: kwa nini chumba hiki kina joto? Nami nilikujibu usiulize sana, joto hilo ndilo ada yako ya shule. Laiti ningejua kwamba unaliweka swali moyoni, ungebaki nyumbani unacheza kamba.

7. Ombi.

Baada ya kutafakari kwa kina, naomba nyumba irekebishwe kama ifuatavyo, ili ile mashine yangu irudi ukutani kwa heshima zake zote.

Kwanza, paa lililotokeza likatwe, jua liingie hadi sebuleni kwenye makochi. Pili, ukuta wa magharibi uvunjwe, pawekwe kioo kikubwa kisichofunguka, mfano wa vile vya jengo la ofisi yako. Nilipokutembelea pale niliona vioo vitupu kuanzia chini hadi juu, na viyoyozi vimejipanga nje kama vifungo vya koti, na wewe mtaalamu umevaa sweta. Sikusema kitu. Nasema sasa. Tatu, lile tundu la kileleni lizibwe, joto lisipate pa kutorokea. Nne, bati lipakwe rangi nyeusi. Tano, mti ulioupanda upande wa machweo ukatwe kabla haujatia kivuli cha maana, na pale chini pamwagwe zege.

Hayo yakikamilika, nyumba itapata joto la kutosha. Ikishapata joto la kutosha, utatoboa tundu, tutaweka kiyoyozi, na nyumba itapoa kama ilivyo sasa. Baba yako mdogo atakwenda kwake. Kinyozi atatuona tukimtazama kupitia kioo. Kila mtu atakuwa na kazi yake, mimi nikiwemo.

Najua utauliza: Baba, kwa nini tuichemshe nyumba ili tupate sababu ya kuipoza? Nami nakujibu, Mheshimiwa, mbona mji mzima unafanya hivyo na hakuna aliyepelekwa kupimwa akili? Zunguka utazame. Watu wanajenga tanuri la vioo, kisha wananiita mimi. Nimewahi kuitwa kwenye jengo ambalo mashine za ghorofa ya chini zilipulizia joto lake kwenye madirisha ya ghorofa ya juu, na wa juu wakaongeza mashine za kupambana na za chini. Wote walinishukuru. Wote waliniita mtaalamu. Naomba na sisi tuwe kama wenzetu.

Natumaini ombi langu litafikiriwa kwa uzito unaostahili mteja, na kama mteja hatoshi, basi kwa uzito wa mzazi.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie ile ngazi aliyoniazima ninayo na bado naihitaji. Wajukuu zangu wabusu, yule mdogo mwambie babu anaoga mara nyingi kuliko yeye. Msalimie dada wa mapokezi, yule anayesema kila siku kwamba uko kikaoni. Wasalimie na vijana wa ujenzi, hasa aliyepiga lipu ya sebuleni, mkono wake ni mzuri hata kama nyumba siikubali. Shangazi yako anakusalimu. Baba yako mdogo angekusalimu, ila amelala.

Ni mimi, mwenye nyumba asiyeridhika,

Baba yako mzazi,
Fundi Baridi (mstaafu).

Nyongeza chini ya sahihi:

Nimemsomea mama yako barua hii. Amecheka mpaka ameshika ubavu, kisha akaichukua bahasha akaikalia. Amesema haitoki humu ndani mpaka niandike yaliyotokea Jumanne. Nimejaribu kumbembeleza, hasikii. Basi naandika.

Jumanne mama yako na kikundi chake walikwenda kununua vitambaa. Baba yako mdogo nilimpeleka akalale kibarazani. Nikakitoa kiyoyozi stoo, nikakifuta vumbi, nikakipandisha juu ya meza mbele ya dirisha la sebuleni, nikaziba pembeni kwa mito yote ya nyumba hii. Nilitaka mama yako akirudi akute ubaridi wa kweli, wenye mngurumo, ili tulinganishe. Nikachomeka, nikakiweka kwenye kipimo kilekile nilichowawekea wateja wangu wote, kile ambacho mtu husema hapo sasa, fundi, usiguse tena.

Feni ikazunguka. Kompresa, ambayo ndiyo yenye kuleta baridi, kimya.

Nikasubiri. Kimya. Nikazima nikawasha, nikaipiga kofi la kirafiki, kimya. Nikatandika mkeka nikaifungua yote. Nikakagua waya kwa waya, nikasafisha, nikabadilisha kifaa kimoja ambacho hakikuwa na kosa lolote. Mama yako aliporudi alimkuta mke mwenzake amelala sakafuni vipande vipande, na mumewe katikati, miwani kwenye paji la uso. Aliruka vipande akaenda kuweka chai.

Nikaiunga tena. Kimya. Nikajua imekufa. Nilikaa juu ya mkeka, nikajisikia vibaya sana, kama mtu aliyefiwa na asiye na wa kumwambia.

Kinyozi alipita kuona mito inafanya nini dirishani. Nikamwomba anisaidie kuivusha barabara hadi kwake, angalau nikaitoe vipuri palipo na meza imara. Duka lake mlango wa kioo unatazama jua la asubuhi, na joto likishaingia halitoki hadi jioni, wateja wanalowa hadi kwenye shuka la kunyolea. Nikachomeka ili nisikilize kwa mara ya mwisho. Mkono wangu ulikuwa haujatoka kwenye swichi. Ilinguruma! Wateja wote wakashangilia, mmoja akainuka na povu kidevuni.

Nikabaki nimesimama katikati ya duka. Mwanangu, mashine ile ni nzima kabisa. Wewe unajua, ulijifunzia mkobani mwangu: ndani mna kifaa kinachopima joto la chumba kwanza. Chumba kikishakuwa na ubaridi ulioagizwa, kompresa haiwaki, maana haina cha kufanya. Mashine yangu iliingia sebuleni kwako, ikapima, ikaona kazi imeshafanywa na mtu mwingine, ikakaa kimya. Mimi, Fundi Baridi, nilichukua mchana mzima kutafuta ugonjwa katika mashine iliyokuwa inasema ukweli.

Sasa umeelewa kwa nini niliomba nyumba itiwe joto. Nilikuwa naitafutia kazi.

Nilirudi sebuleni nikakaa, nikaegemea ukuta uleule anaoegemea baba yako mdogo. Nikacheka peke yangu. Mama yako alisikia toka jikoni akadhani nalia, akaja mbio. Hakukosea sana.

Futa ombi namba saba lote. Paa usiliguse. Namba tano usiifute, na namba sita iache ilivyo. Nilitaka uisome tu.

Mashine nimemwachia kinyozi. Lakini nimemwambia ukweli kwamba anapoza duka huku jua limekaa kwenye kiti cha mteja, na kwamba kabla hajaitegemea atafute kwanza joto linaingilia wapi. Akaniuliza nani wa kumtafutia. Nikamwambia nina binti. Anakungoja Jumapili. Njoo na kalamu na karatasi zako, ngazi ninayo. Na ule mkoba wa vifaa uliokuwa unakuvuta bega, safari hii nitaubeba mimi.